Mafuta ya Chini

Mkisikia mtu ananiita Mama Madumu msicheke kabla sijawaeleza mwenyewe, maana habari hii imeshapita kwenye simu nyingi na kila inapopita madumu yanaongezeka (yalikuwa kumi na mawili, si thelathini). Aibu yangu naikubali yote, ila hesabu iwe sawa.

Tulikuwa tumehama Adelphi, hapa hapa Marekani, kwenye fleti ambamo joto lilikuwa ndani ya kodi, unasogeza kidude ukutani nyumba inapata joto na wala hujiulizi linatoka wapi, tukaja Springfield kwenye nyumba kuukuu yenye ngazi za kushuka ghorofa ya chini ya ardhi. Nyumba niliing'ang'ania mimi. Mume wangu, Baba Neema, alisema hatutaiweza, nikamwambia niachie mimi bajeti, na tukikwama hata mwezi mmoja tutarudi fleti bila mimi kunung'unika. Nikanunua bahasha, nikaziandika: umeme, maji, chakula, shule. Nikatamba nazo mpaka kwenye kikundi chetu cha akina mama, na kwa kuwa Mama Wanjiku, Mkenya aliyekuwa mweka hazina wetu, alikuwa amechoka, wakakubaliana daftari la kikundi nikabidhiwe mimi. Wangekuja Jumamosi kuiona nyumba na kunikabidhi. Nililitaka lile daftari kuliko nilivyowaonyesha.

Basi Jumatatu asubuhi Baba Neema anafunga viatu mbio mbio (anaendesha basi la kupeleka wazee hospitali, kuchelewa kwake ni mwiko), akaweka mezani dola mia tano.

"Hiyo ya mafuta," akasema. "Agiza mapema kabla baridi haijakaza."

Mia tano, mafuta? Swali lilifika kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Mweka hazina mtarajiwa ataulizaje mafuta ni nini? Nikajijibu mwenyewe kwamba anataka tununue kwa jumla, kama mama yangu alivyokuwa akinunua dumu zima kule Morogoro, halafu theluji ikianguka huku barabara hazipitiki, kwa hiyo mtu mwenye akili anaweka akiba. Nikauliza kimoja tu, yatakaa wapi. Akanitazama kidogo, akasema kwani si kule kule chini, akatoka.

Nikaenda duka la jumla, nikakuta mafuta ya kupikia kwenye madumu makubwa, yale wanayonunua wenye mahoteli, dola arobaini kila dumu. Nikachukua kumi na mawili na chenji ya ishirini ikabaki. Mwenye kaunta akaniuliza kama nina mgahawa, nikamwambia nina familia. Nikayashusha moja moja ghorofa ya chini mgongo ukilia, nikayapanga pembeni ya tangi kubwa la chuma ambalo tangu tuhamie nilijua ni simtanki ya maji. Jioni Baba Neema akapiga simu kuuliza mafuta vipi, nikamwambia yako chini, pamejaa, na chenji imebaki. Akasema kumbe aliiogopa nyumba hii bure. Jamani, nilivimba kichwa.

Jumamosi wakaja akina mama wanane, na baridi nayo ikaja. Hatujamaliza chai nikaona Mama Beatrice, Mkongomani wetu, amevaa tena koti lake, halafu wa pili, halafu wa tatu, sebule ikawa kama kituo cha basi. Binti yangu Neema, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, akatokea mlangoni.

"Mom, the heat is off."

Baba Neema akashuka chini. Kisha akaniita kwa ule upole ambao mwenye ndoa anaujua, akauliza mafuta niliyonunua yako wapi. Nami, kwa kutaka wageni waione akiba yangu, nikawaalika wote tushuke pamoja (hapo ndipo mngeniziba mdomo). Nikanyoosha mkono kwenye madumu. Baba Neema akanyoosha wake kwenye simtanki, akaigonga, ikalia tupu, kisha akanieleza polepole kwamba hilo ndilo tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto, gari huja kulijaza, na ndani hamna hata tone.

Mama Wanjiku akainama kusoma lebo.

"Mama Neema, hii mafuta ni ya kupika chapo," akasema. "Heater haiwezi kula hii."

"Kosa langu," Baba Neema akasema. "Sikumwambia mafuta gani."

Ningeweza kunyamaza. Akina mama walishaanza kumlaumu yeye, wanaume hawa hawaelezi kitu, na daftari bado nililiona likichungulia kwenye mkoba wa Mama Wanjiku. Lakini nilimtazama huyu mtu aliyeniachia bahasha zote, sasa ananibebea na aibu, nikashindwa.

"Siku ile ile nilijua sijaelewa," nikasema. "Niliona haya kuuliza, kwa sababu ya daftari."

Mama Wanjiku akafunga zipu ya mkoba.

Tukapanda wote jikoni, kwa sababu ndiko tu kungepata moto, tukafungua dumu la kwanza na kukaanga maandazi tumebanana tisa, mabega kwa mabega, mpaka madirisha yakatoa jasho. Kila mama akanunua dumu lake akalipa palepale, Baba Neema akapiga simu kuagiza kwa pesa hizo, na gari la mafuta likaja kabla jua halijazama. Daftari alipewa Mama Beatrice, hapo hapo, mikono ikiwa na unga. Iliniuma, sitawadanganya, na mimi ndiye niliyemmegea andazi la moto nikamlisha, apate kushika kalamu.

Bahasha, lakini, Baba Neema aliniachia. Siku hizi ziko mbili mpya, moja nimeandika Mafuta ya Juu, nyingine Mafuta ya Chini, na nimeapa kwamba akinituma kitu chochote, hata chumvi, simwachi atoke mlangoni kabla sijamuuliza ipi.