Nyama Iliyouzunguka Uvimbe

Niliacha shule darasa la sita, lakini ninawajua waliokuwa wakiniharakishia kaburi na nitawataja. Wa kwanza ni wifi yangu wa Birongo. Wa pili ni kaka yake, shemeji yangu, mzee wa kanisa letu la Sabato hapa Kiogoro.

Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa la parachichi. Wifi akasema ni ebibiriria, kwamba mtu mwenye jicho baya amenitazama, takataka zikanasa mwilini na kuzama chini ya ngozi. Kwetu dawa yake ni kukandwa kwa samli mpaka zitoke. Basi akanikanda, wiki baada ya wiki, na kila mara ananionyesha kiuzi kiganjani.

"Mke wetu, unaona? Zinatoka."

"Zinatoka na uvimbe uko palepale."

"Wewe ndiye mgumu kuliko huo uvimbe," akacheka, akachota samli nyingine.

Mwisho nikaenda hospitali mjini Kisii. Daktari, mama mmoja wa upande wa ziwani, akachukua kipande cha nyama kwa sindano. Majibu yakasema saratani haikuonekana. Sabato iliyofuata shemeji akasimama mbele ya kanisa akatangaza nimepona. Wakaimba. Tukapika.

Daktari yeye hakuimba. Alinipigia simu nirudi.

"Mama, kile kipande sikiamini," akaniambia. "Mwilini kuna seli za kushikilia nyama. Ndizo pia zinawaonyesha askari wa mwili njia ya kuufikia ugonjwa. Saratani ikiingia inaweza kuzigeuza. Zinaanza kuijengea ukuta mgumu kama kovu, askari wanabaki nje. Nahisi sindano yangu iliishia ukutani. Nataka nikuchome tena, ifike ndani."

"Na kama ndani hakuna kitu?"

"Tutajua hakuna. Leo hatujui."

Nilielewa haraka. Hata mimi nilikuwa nimezungukwa na watu wa kunishikilia, na kazi yao imekuwa kuuficha ugonjwa wangu.

Nilipofika nyumbani shemeji alikuwa ameketi kwenye kiti cha mume wangu, mume wangu kando yake; nikawaambia kesho narudi kwa daktari.

"Umeshashuhudia mbele ya kanisa," akasema. "Ukirudi kuchomwa sindano unamfanya Mungu mwongo."

"Mimi sikushuhudia. Ulishuhudia wewe."

"Mwambie mke wako," akamgeukia mume wangu. Mume wangu akaangalia miguu yake. Huyo naye namtaja, wa tatu.

Asubuhi nikajifunga leso nikaenda peke yangu. Safari hii daktari aliongoza sindano kwa picha ya mashine, ikapita ile nyama ngumu ikafika katikati. Saratani ilikuwa humo, imetulia. Wakalikata titi. Dawa za mishipani zikaninyoa nywele, zikanitapisha, nikawa nachuma majani chai nikiegemea fimbo. Wifi alikuja kunitazama, akasema nimekatwa bure, takataka zilikuwa zimebaki kidogo tu.

Sasa ninatembea vizuri. Juzi shemeji aliniambia nisimame kanisani nitoe shukrani. Nikasimama. Nikamshukuru Mungu, na daktari. Kisha nikasema nani alinikanda, nani alinitangaza mzima, nani alinyamaza. Nikawaambia akina mama, majibu yakiwa mazuri na uvimbe bado upo, rudini mchomwe tena, hata kama nyumba nzima imeshaimba.

Shemeji alisema, "Inatosha, mama, kaa."

Nilikuwa bado sijamaliza. Nikaendelea.