Gitaa la makaburini

Juzi nilikuwa Kitanga, kwenye mazishi ya mama mmoja mwimbaji wa kwaya. Wenzake walikuja kumuaga na kitu kipya: gitaa, lililonunuliwa kwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mpigaji alivaa tai na miwani ya jua.

Wimbo ulianza vizuri. Ulipofika mahali pa kubadilisha vidole, mpigaji akainama, akashika kidole kimoja kwa mkono wa pili na kukipeleka kwenye uzi wake, kama anayemwongoza kipofu. Kwaya nzima ikabaki inavuta "aaa", ikimsubiri. Waliokuwa wakifukia nao wakasimama, majembe mkononi.

Dada wa marehemu, bibi aliyekaa chini kando ya kaburi, akauliza taratibu, "Kuna nini, wanangu?"

"Mvumilie, mama," mwalimu wa kwaya akajibu. "Ndiyo kwanza anajifunza."

"Ajifunze tu. Dada yangu hana haraka. Lakini hiyo mvua inakuja."

Akaanzisha wimbo mwenyewe, kwa makofi, kama walivyoimba miaka yote. Kwaya ikamfuata, kaburi likajaa kabla ya tone la kwanza. Mpigaji alikuwa bado anautafuta uzi.

Nilidhani wanakwaya wameona wenyewe walichokaribia kukitupa kwa kutaka kuonekana wa kisasa. Jumapili iliyofuata nikapita kanisani kwao, nikakuta tangazo linasomwa: mpigaji atanunuliwa spika na betri ya gari, kwa sababu kule makaburini waliosimama nyuma hawakumsikia.