Kinyozi wa Kivinje na Fremu ya Tatu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya uchapaji pale Lindi mjini nilipewa ndoo, tambara na chupa ya mafuta ya taa, nikaonyeshwa fremu zilizorundikwa ukutani na kuambiwa nizisafishe. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa, nimeletwa mkoani kwetu kwa mafunzo ya vitendo, na moyoni nilikuwa nimeshajivika usanii mzima mzima. Nilivaa gauni jipya aliloshonesha mama kule Milola ili mwanawe asidharauliwe mjini. Kufika adhuhuri lilikuwa na rangi tano ambazo hazikutoka tena.

Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nyavu. Nilipomwambia kwamba tambara lile limechakaa, hakuinua hata uso.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema. "Osha. Wino ukigandia kwenye kitambaa, herufi zako zitatoka mapengo."

Leo namshukuru kila nikikumbuka. Siku ile, nisiwafiche, nilimchukia hasa.

Niwaeleze wadogo zangu, maana ninyi mnabonyeza kitufe na bango linatoka kabla chai haijapoa. Kuchapa kwa skrini ni hivi. Unatengeneza fremu ya mbao, unaiwamba kitambaa chembamba cha nailoni, unakikaza mpaka ukikigonga kinalia. Kisha unaziba sehemu zote usizotaka zipitishe rangi, na umbo lako unaliacha wazi. Hiyo ndiyo stensili, na sisi tuliikata kwa wembe, taratibu, pumzi umeibana. Fremu inalazwa juu ya karatasi, wino unamwagwa upande mmoja, halafu unavutwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Wino hupenya penye uwazi tu. Kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo bango la rangi nne hupita chini ya fremu nne, na kila mara huanikwa kwenye kamba likauke. Karatasi ikisogea kidogo baina ya rangi na rangi, mdomo wa mtu unahamia shavuni. Nilihamisha midomo mingi mwezi ule.

Nilipoanza kuaminiwa, alikuja Bwana Afya wa Mkoa, mrefu, mwenye haraka, kofia haimtoki kichwani. Alitaka bango la ukoma.

"Dawa zipo," alimwambia Mkuu wa Karakana. "Ni bure, na zinaponya. Watu hawaji. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa wanaficha mpaka vidole vinawaisha. Nataka picha, sitaki insha."

Mkuu wa Karakana akanielekezea kidole. "Mwanafunzi atachora. Ndio utakuwa mtihani wake."

Nilitaka uso wa kweli, si uso wa kubuni. Bwana Afya alikuwa na ziara ya Kilwa, nikafuatana naye, na pale Kivinje nikaupata. Ulikuwa uso wa Mzee Mfaume, kinyozi aliyefanyia kazi kwenye baraza ya nyumba ya zamani karibu na soko. Kwa umri hakuwa mzee bado, ila aliyenyoa vichwa vya baba na wana huitwa mzee mapema. Alikuwa na mashavu ya mifupa, masharubu yaliyokatwa sawasawa, na macho ya mtu aliyezoea kusikiliza.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikuchore."

"Marahaba. Unichore kwa ajili ya nini, binti?"

"Ni bango la afya, mzee. La serikali."

"Basi usinipunguzie masharubu," alisema, na wateja wake wakacheka.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nililiita adabu. Kwetu ugonjwa ule hautajwi hivi hivi mbele ya mtu mzima. Husemwa "maradhi yale," na anayesema hutazama pembeni. Nililelewa hivyo. Nikaona haya kumwambia mzee wa watu kwamba namchora mgonjwa wa ukoma. Nikanyamaza, nikamaliza, akanipa mkono wa kwaheri, nikaondoka na uso wake daftarini.

Tulichapa kwa siku nne. Fremu ya kwanza ilikuwa ya manjano, rangi ya nyuma ya picha. Ya pili ilikuwa ya kahawia, ngozi yake. Ya tatu ilikuwa ya kahawia iliyopauka, na ilikuwa na matundu mawili tu: baka la shavuni na baka la begani. Ya nne, nyeusi, ilibeba mistari ya uso, masharubu yote, na maneno: BAKA LISILOSIKIA MGUSO? WAHI ZAHANATI. Rangi zilikaa mahali pake. Mkuu wa Karakana alilitazama bango la kwanza kwa muda, kisha akasema, "Haya." Kwake yeye neno hilo lilikuwa sherehe. Nilijiona nimefika.

Mabango yakapelekwa Kilwa. Haukupita mwezi, Mzee Mfaume akasimama mlangoni petu asubuhi, na bango limekunjwa kwapani. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba. Mtu mwingine asingeitikia. Akalikunjua juu ya meza, akalilaza kwa viganja viwili.

"Binti," alisema, "mimi nilikwambia unichore. Sikukwambia unitie maradhi."

Nilimsogezea kiti. Akaketi, akaeleza polepole, bila ukali. Bango lilibandikwa zahanati, likabandikwa sokoni, na moja likabandikwa kwenye ukuta unaotazamana na baraza yake. Mwanzo watu walicheka pamoja naye. Kisha wakaacha kucheka. Kisha wakaacha kuja. Wanaume aliowanyoa tangu arobaini ya kuzaliwa kwao walikuwa wakipanda gari kwenda kunyolewa Kilwa Masoko.

"Imamu peke yake ndiye aliyekuja," alisema. "Naye alikuja na wembe wake, na taulo lake."

Mkuu wa Karakana alinigeukia. "Ulimwambia bango ni la ugonjwa gani?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, na alipoivaa tena hakuwa amekasirika kama nilivyotarajia. Hilo lilinitisha zaidi. "Wino ukimwagika tunapangusa," alisema. "Jina la mtu utalipangusa kwa nini? Muulize mwenyewe anataka nini."

Nilimwambia Mzee Mfaume kwamba siku hiyohiyo nitakwenda Kivinje kuyabandua mabango yote, hata kama nitafeli mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ukiyabandua watasema nimezidiwa, nimefichwa. Wamekwisha kuniona mgonjwa, sasa wanione mzima. Niponye, binti."

Mkuu wa Karakana alianza kucheka kwa chini, mabega yakimtikisika. Akaenda kwenye fremu, akaitoa ya tatu, ile ya mabaka, akaigeuza uso ukutani. "Umesikia," aliniambia. "Hii haipiti."

Ndivyo nilivyomponya mtu kwa kazi ya mikono yangu, bila kuwa mganga. Manjano ilibaki ileile, kahawia ileile. Kwa nyeusi nilikata stensili mpya: uso uleule, safari hii mkononi wembe, na mbele yake kichwa cha mteja chenye povu. Maneno yalikuwa NILIWAHI DAWA. NIMEPONA. Bwana Afya alitukumbusha kwamba baka la kweli hufifia polepole, na pengine huacha alama, lakini akasema kwa bango ataniruhusu. Mzee Mfaume alilala kwa ndugu zake Mchinga, na kila asubuhi akaja kutazama. Kila mstari nilimwonyesha kabla ya kuukata. Siku ya kuchapa Mkuu wa Karakana, ambaye hata sisi wanafunzi wake alituhesabia mara za kushika ubao wa wino, alimkabidhi yeye auvute kwanza. Mkono wa kinyozi ni mwepesi. Bango lake lilitoka safi kuliko mengi yangu, na nililiona hilo kwa wivu kidogo.

Mabango mawili yakabandikwa ubavu kwa ubavu. Siku ya gulio Bwana Afya alivua ile kofia yake, akaketi kwenye kiti cha Mzee Mfaume mbele ya soko zima, akanyolewa kichwa na ndevu, kisha akataka na nyusi zisawazishwe. Alirudi Lindi akionekana kama mtu aliyeshtushwa. Akafuata mteja mmoja, wakafuata wawili. Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini mpaka nafunga mafunzo yangu, baraza ilikuwa na foleni tena.

Mtihani nilifaulu. Mkuu wa Karakana aliandika kwenye ripoti yangu mstari mmoja: "Anaosha fremu vizuri." Nimeitunza hadi leo.

Baada ya chuo niliajiriwa kuchora picha za elimu ya afya, na kazi hiyo nikaishika mpaka nywele zikageuka. Nilianza chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya mmoja aliyependa rangi nyekundu kila mahali, hata kwenye bango la maziwa ya mama. Nikahamishiwa Masoko, nikarudishwa Lindi, chini ya Afisa Elimu ya Afya wa Mkoa, mama mmoja mtulivu ambaye kila nikimpelekea mchoro aliuliza swali lilelile: "Nani ameuona huu kijijini?" Kama hakuna, alinirudishia bila kuutazama. Nilizunguka na michoro hiyo vijiji vingi. Na tangu wakati ule sikuchora uso wa mtu kabla ya kumtajia ugonjwa kwa jina lake, machoni pake. Wako waliokataa. Niliwashukuru, nikatafuta mwingine.

Nikiwa Masoko nilipita Kivinje kumwamkia Mzee Mfaume. Sasa alikuwa mzee kweli. Akaniashiria niketi kwenye benchi amalize mteja, kijana mmoja mvuvi. Nyuma ya sikio la yule kijana mkono wa mzee ukasimama. Akaweka wembe chini, akachukua kitana, akagusa ngozi kwa ncha yake.

"Hapa unasikia?"

"Wapi, mzee?"

"Hapa."

"Sisikii kitu."

Mzee alimwonyesha ukutani, yalipokuwa mabango yale mawili, yamepauka kwa jua. "Huyu unamjua?"

"Si wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa nalo, hili hapa shavuni na hili begani. Nikameza vidonge, nikapona, na tangu hapo nimezaa watoto wawili. Kesho asubuhi nenda zahanati. Ukiogopa, nipitie tuongozane."

Kijana aliuliza maswali mawili matatu kwa sauti ndogo, akajibiwa yote, kisha mzee akamaliza kumnyoa, akampangusa shingo kwa mkono mtupu. Alipoondoka nilibaki nimekodoa macho.

"Mzee," nilisema, "ulikuja Lindi kwa ajili ya jina lako. Ilikuwaje tena?"

Alikuwa anaosha wembe. "Mwanzo nilikuwa nawaambia kweli, kwamba ile ni picha tu, sikuugua kamwe. Wakafurahi kwa ajili yangu, na hakuna aliyekwenda zahanati. Kinyozi huona, binti. Naliona baka kisogoni kabla mwenyewe hajaliona. Siku moja mtu akaniuliza, nikaona hofu yake, nikasema ndiyo, niliugua. Kesho yake akaenda." Akaukausha wembe kwenye taulo. "Basi nikaendelea kuugua."

Nililia pale barazani, mtu mzima mimi, mtumishi wa serikali. Alinipa lile taulo la wateja.

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisini huniuliza siri ya bango zuri, wakitarajia niwaambie habari za rangi, nami nawaambia, kwa sababu rangi ina siri zake na Mkuu wa Karakana hakunifundisha ili nizikwe nazo. Shukrani yangu kubwa, hata hivyo, naiweka kwa mtu niliyemkosea, ambaye hakunilaani, akanipa nafasi ya kuitengeneza kazi yangu, kisha yeye mwenyewe akafanya kazi iliyo kubwa zaidi. Nimeandika haya kwa ruhusa ya mjane wake, Bi Zainabu. Alisema, "Andika. Waliopona wamekwisha kupona, hakuna wa kumrudisha nyuma."

Mzee Mfaume alipofariki nilikwenda Kivinje kwenye hitima. Wanawake tulikuwa ndani na Bi Zainabu, aliyekuwa katika eda, wanaume wako nje barazani, na sauti zao zinaingia dirishani. Kisomo kilipomalizika, mwanamume mmoja aliomba kusema. Akasema yeye aliwahi kuugua ukoma, na kwamba mtu wa kwanza kumgusa baada ya kujua alikuwa marehemu, kwa sababu marehemu naye aliugua, na hakuona haya kusema. Akamalizia kwa dua, Mwenyezi Mungu amlipe.

Bi Zainabu aliniinamia sikioni. "Nimeishi naye tangu ujana wetu," alininong'oneza. "Ngozi yake haikuwa na hata chunusi."

"Najua, bibi," nilisema.

Nje walikuwa wakingoja tuitikie. Yeye ndiye aliyetangulia, kwa sauti iliyosikika mpaka barazani, "Amina," nami nikaitikia baada yake.