Njia ya Nyuma ya Nyumba Yetu

Sikumpenda yule msichana tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Alitokea Ntinda, upande mwingine wa mji, viatu vyeupe pe, akajiunga na kikundi chetu cha kujitolea pale Wandegeya, kwenye chumba kilicho juu ya duka la fotokopi. Tunachora njia za miguu kwenye ramani huria ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea kitu. Unatembea, simu mkononi inarekodi unakopita, ukirudi unachora mstari. Jina lako linabaki pale, kila mtu alione.

Haukupita muda, kila mdomo ukawa unamsifu yeye. Mara mistari yake imenyooka, mara picha zake safi. Mratibu wetu akamkalisha kwenye kompyuta nzuri, kiti nilichokuwa nakikalia mimi. Roho iliniuma, lakini nikajisemea, mwache, Lubaga hana.

Lubaga ilikuwa yangu. Nimezaliwa kwenye mteremko wa kilima kile, chini ya kanisa kuu, nyumbani kwa askari polisi aliyetoka kaskazini na mkewe Mwislamu. Nyuma ya nyumba kuna njia nyembamba inayoshuka hadi barabarani. Marehemu baba aliipanga mawe mwenyewe baada ya zamu, ili buti zake zisifike kazini na matope. Nilipojiunga na kikundi niliichora kabla ya nyingine zote, nikiwa nimekaa kitandani. Kuitembea kwa ajili ya nini?

Kikundi kina kanuni: usiseme njia imekamilika kwenye ramani kabla hujawauliza wanaoipita wanaiitaje. Sasa mimi nimuulize nani? Nyumbani tulisema "huko nyuma", basi. Nafasi ya jina niliiacha tupu.

Jumamosi moja nikafungua ramani, nikakuta njia yangu ina jina. Njia ya Afande. Na aliyeibadilisha mara ya mwisho ni yeye.

Nilimpigia simu papo hapo. Nani alikutuma Lubaga?

"Hakuna, dada. Nilikuwa napita, nikawauliza akina mama wanaouza mkaa pale chini. Wote wanaiita hivyo. Kwani nimekosea?"

Nilikata simu. Nikashuka kwa wauza mkaa, nikiomba moyoni waniambie ni uongo. Walinicheka.

"Nnyabo, dada, wewe mtoto ya Afande, hujui? Sisi yote tunaita hivyo."

Wameiita hivyo tangu niko shule ya msingi. Hakuna aliyetuambia, maana nani atamwelekeza mtu nyumbani kwake?

Nikapanda kurudi, nimelifungua lile jina kwenye simu. Kulifuta na kuliandika upya ni kazi ndogo, na anayeonekana kuliandika wa mwisho angekuwa mimi. Mlangoni mama alikuwa anachagua mchele. Aliuona uso wangu, akauliza kuna nini. Mama hajui kusoma, kwa hiyo nikamsomea.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaweka ungo chini.

"Hiyo jina ya baba yako, iko kwa simu ya watu yote?"

"Ya watu wote, mama. Dunia nzima."

Alijifuta macho kwa pembe ya leso. Kisha akanitazama kwa fahari ambayo hata siku ya mahafali yangu sikuiona.

"Ni wewe imeandika?"

Sijawahi kutamani kusema ndiyo kama siku ile. Kiti, kompyuta, sifa za mratibu, vyote ningempa yule msichana achukue, aniachie jibu hilo moja tu.

"Hapana, mama. Ni msichana mmoja wa Ntinda."

"Bambi, mtoto ya watu!" Akauchukua ungo wake, anatabasamu peke yake. "Mwambie ikuje Jumapili, mimi napika. Mtoto kama huyo, mama yake analala vizuri."