Siagi Siyo Mafuta

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1952. Upepo tangu alfajiri, baridi na vumbi; jua lilipotoka halikusaidia kitu.

Leo mdogo wangu alikuwa apakwe hina, na kesho baada ya sala ya Ijumaa anaolewa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nitajitahidi nisimwonee mtu. Miaka yangu miwili ya shule haikunifundisha kupanga hasira kwenye mistari, na huenda kesho nikisoma nitaona nimekosea.

Hapa kwetu hina si jambo la zamani. Mimi niliolewa bila hina na hakuna aliyeuliza. Lakini mchumba wa mdogo wangu ni mtu wa Singida mjini, kwao wametoka Tabora. Dada yake alipokuja kututembelea mwezi uliopita aliushika mkono wa mdogo wangu, akaugeuza huku na huku kama anayechagua muhogo, akasema, "Huu mkono wa jembe, wifi. Hina itashika kweli?" Akacheka. Na sisi tukacheka, maana ni mgeni. Mdogo wangu hakucheka. Tangu siku hiyo hana habari nyingine.

"Dada, isiposhika nitaingia kwao nimeficha mikono ndani ya kanga kama mwizi wa mayai."

Basi tukamwomba fundi wa hina wa mjini. Akatuma barua kwa mkono wa dereva wa lori: atashuka hapa Alhamisi saa nane, atarudi na lori hilohilo saa kumi na mbili, siku nyingine hana. Hina tuitwange na kuichekecha wenyewe. Bibi harusi asuguliwe mikono na miguu. Na asipakwe mafuta tangu Jumatano, maana hina haishiki penye mafuta. Barua hiyo niliisoma mbele ya nyumba nzima, mara mbili, polepole. Bibi yetu alikuwepo, tena alikaa mbele.

Asubuhi nilianza kutwanga majani nje, upepo ukachukua kama robo. Nikahamia jikoni, moshi ukanitoa machozi. Nachekecha kwa kipande cha kitambaa cha amerikani, mama anafungua mlango kuuliza sufuria kubwa iko wapi. Namjibu. Anarudi kuuliza mfuniko wake. Kila mlango ukifunguka unga unaruka, nami nakohoa kijani. Mama hakuwa na kosa, ana wageni ishirini wa kuwapikia. Ila mlango angeweza kuugonga. Ndimu za kuchanganyia hina hazikupatikana, nikaloweka ukwaju.

Saa tano nikatoka kumwita mdogo wangu nimsugue. Akatoka nyumbani kwa bibi anang'aa. Kichwa, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko, miguu mpaka magotini, yote inateleza. Nzi wawili wanamfuata.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Bibi kaniita," akasema. "Ningekataaje?"

Nikaingia kwa bibi. Nilisahau hata kumsalimu, akaningoja mpaka nikasema shikamoo.

"Marahaba. Sasa sema kilichokuleta unahema."

"Bibi, barua ilisema asipakwe mafuta!"

"Nani kampaka mafuta? Mafuta ni yale ya chupa, ya dukani, yananuka nazi. Mimi nimempaka siagi."

Ni kweli barua haikutaja siagi. Nikaanza kujiuliza kama nilisoma sawa, au kama nilipaswa kueleza zaidi. Tena, kusema haki, bibi amekuwa akiikusanya siagi hiyo kidogokidogo tangu mavuno, na ng'ombe msimu huu wanatoa maziwa ya kujaza kikombe tu. Kila msichana aliyetoka nyumba hii alipakwa siagi na mkono wake, hata mimi. Na jana jioni nilikiona kibuyu kiko karibu na moto. Nikadhani ni cha mboga, nikanyamaza.

Lakini saa nane haikuwa mbali.

Nikachemsha maji, nikachukua majivu, magadi na kipande cha sabuni ya mche. Nilipoanza kumsugua, bibi akatoka na kigoda chake akakaa mbele yetu.

"Mnaosha baraka yangu kwa majivu," akasema.

"Bibi," mdogo wangu akasema, bado mkono uko kwangu, "baraka inakaa wapi, kichwani au viganjani?"

"Inakaa ninapoiweka."

"Basi iweke yote kichwani. Kichwa sitaosha mpaka nifike kwa mume."

Bibi akamtazama. "Utanuka, mke mwenzangu."

"Ninuke."

Bibi akacheka, akamalizia siagi ya kibuyu utosini mwa mdogo wangu. Nami nikasugua mikono na miguu mpaka vidole vyangu vikauma. Mdogo wangu alilia kwa sababu ya magadi, lakini mkono hakuuvuta.

Fundi alishuka kwenye lori akiwa amechelewa robo saa. Akanusa kiganja. "Shikamoo bibi. Nani kamkaanga mtoto huyu?"

"Mimi," bibi akajibu, "na bado mbichi."

Fundi akadondosha tone la maji mgongoni mwa mkono. Likasimama kama shanga. Tukasugua tena. Ndipo akachora, akifungia vitambaa kila sehemu iliyokwisha, akisema viganja vitakubali, migongo ya mikono yeye haapi.

Honi ya lori ilipolia alibandua kidogo kiganjani na mgongoni mwa mkono. Kiganjani ilikuwa nyekundu hasa. Mgongoni ilikuwa imeshika ua moja, na la pili limefifia kama boga bichi. Akasema iachwe mpaka asubuhi, itaongezeka kidogo, siyo sana.

Nilimtazama mdogo wangu nikiogopa. Akageuza mkono huku na huku, vilevile kama alivyogeuziwa na wifi yake.

"Jembe limeshika," akasema. "Ua la pili wifi akilitaka atalitafuta."

Kama alisema kwa moyo au kwa kuchoka, sikumuuliza. Kanga yake aliitupa begani kwa kiwiko, mikono ikabaki nje, na wageni walipoingia kutazama hakuificha.

Usiku huu tumekula ugali wa uwele na kunde, maana ng'ombe wa harusi anachinjwa kesho. Mdogo wangu hawezi kushika kitu, akalishwa. Nilitaka kumlisha mimi, bibi akakataa. Tonge moja kwake, moja kwa mjukuu, mpaka sahani ikaisha.