Kibati Namba 318

Hebu mchore akilini mwako mwanamke wa miaka sitini na tatu akishuka kwenye basi la watalii kabla halijasimama vizuri, mkoba kaubana kwapani kama mtu aliyeitwa hospitali. Wenzake bado wananyoosha migongo na kutafuta miwani. Yeye keshafika getini. Ni fundi cherehani, na mtaani kwake wanamwita Kanyaga, kwa sababu hata akikaa kwenye kiti kisicho na cherehani mguu wake wa kulia hautulii. Unakanyaga tu, kana kwamba kuna pindo halijaisha.

Na kweli lilikuwapo lisiloisha. Baba yake alikuwa mchimbaji katika mgodi huu wa dhahabu, enzi zile ulipokuwa mgodi na si mahali pa kutembelea. Alikuwa akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Kanyaga alipokuwa na miaka sita, mwezi mmoja uliisha na baba hakutokea. Wiki hiyohiyo maji yalijaa mahandaki ya chini, msimamizi akakimbia na daftari lake, mgodi ukafungwa, watu wakatawanyika kila mtu na lwake. Walikuwepo waliosema baba kafa maji. Walikuwepo pia walioapa kwamba wamemwona juu ya lori na mwanamke mwingine, akicheka. Mama yake akabaki hivyo, si mjane si mtalaka, miaka hamsini na saba. Hakuomboleza, hakuolewa tena.

Kilichomwinua Kanyaga kitini ni redio. Mtangazaji alisema mgodi umefunguliwa kwa wageni, na pale mdomoni mwa shimo ungalipo ubao wa vibati, kama ulivyoachwa siku ya mwisho.

Ubao huo mama yake aliujua kwa kusimuliwa na mumewe. Kila mchimbaji alikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Ubao ulikuwa na pande mbili, mweupe na mwekundu. Anayeshuka shimoni anakitoa kibati chake kwenye upande mweupe na kukitundika kwenye mwekundu. Akipanda, anakirudisha. Ukiutazama tu, unajua nani bado yuko chini. Namba ya baba ilikuwa 318, na mama aliikumbuka kuliko umri wake mwenyewe.

"Nenda ukanitazamie, mwanangu," mama alisema kutoka kitandani, maana siku hizi hata mlangoni hafiki. "Kikiwa kwenye nyekundu, nitamlilia. Kikiwa kwenye nyeupe, nitamtukana mpaka mate yaniishie. Ila nisife na yote mawili mdomoni."

Basi ndivyo alivyofika. Mtembeza wageni alikuwa bwana mmoja mwenye kitambi na sauti ya mahubiri, jina lake la kazini Taa. Aligawa kofia ngumu zenye taa, moja moja, akimfunga kila mtu kamba ya kidevuni kama mtoto.

"Ubao uko wapi, kaka?" Kanyaga aliuliza.

"Ubao ni mwisho, mama. Tunaanza na handaki. Haraka haraka..."

"Baraka nitazikuta hukohuko mbele. Twende."

Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyekuja na mkewe akamnong'oneza, lakini kwa sauti ya kusikika: "Huyu mama kaficha dhahabu yake humo, anaogopa tutaiona kwanza."

Wakaingia. Dari ilikuwa ya kuinamia, maji yanadondoka shingoni, na kutani bado zilionekana alama za sururu. Kanyaga alizipitishia vidole jinsi anavyopima mshono wa fundi mwingine. Ipi ilikuwa ya baba? Hakuweza kujua, akasonga. Taa akawaamuru wazime taa zote ili waonje giza la wachimbaji. Palisikika kitu kimoja tu: ta, ta, ta, juu ya jiwe.

"Nani anashona humu?" yule kijana akauliza gizani, na safari hii hata Kanyaga alicheka.

Mwishowe wakatokea kwenye mwanga, mbele ya ubao. Upande mweupe ulikaribia kujaa vibati. Upande mwekundu vilikuwa saba, na cha nne kilikuwa 318.

Mguu wake ulisimama. Alijisikia furaha, na palepale akaionea aibu: baba kafa, basi hakuwaacha. Alinyoosha mkono akakiinua kibati ili akishike vizuri, na hapo jicho la fundi likamsaliti. Nguo ikitundikwa dirishani miaka, jua huifubaza, ila ukikibandua kiraka chini yake utaikuta rangi ya awali. Chini ya kibati hiki hapakuwa na kivuli chochote. Wekundu ulikuwa mmoja, mbichi, pembe hadi pembe.

"Kaka, ubao huu umepakwa rangi lini?"

Taa aliwatazama wageni wengine, wakijipiga picha pembeni. Akashusha sauti. "Mwaka juzi, mama. Kabla ya ufunguzi."

"Na vibati?"

"Nilivisugua mwenyewe, kwa limau na majivu. Vilikuwa vyeusi, havisomeki."

"Ukavirudisha vilipokuwa?"

Taa akavua kofia. "Nilipovitoa nilivichanganya vyote ndani ya ndoo moja. Nikavipanga tu. Nyekundu nikaiwekea saba, maana nyekundu tupu wageni hawaipigi picha."

"Kwa nini hiki?"

"Kilikuwa juu kwenye ndoo."

"Na kabla hujavitoa, nyekundu ilikuwa na vingapi?"

"Vilikuwepo. Vitatu, vinne hivi. Sikuangalia namba, mama. Kumbe hiki ni cha baba yako?"

Kanyaga aliitikia kwa kichwa. Mguu ulishaanza tena.

Taa akakichomoa kibati na kukiweka kiganjani mwake. "Kitundike wewe. Popote utakapokiweka, sitakigusa, wala sitamruhusu mtu akiguse."

Kilikuwa kidogo kuliko alivyowaza, chepesi kama kifungo cha koti. Msumari kilipotoka, wa upande mwekundu, ulikuwa kushoto, misumari mitupu ya upande mweupe kulia. Nje dereva alipiga honi. Na simu ikaita ndani ya mkoba.

"Umefika?" Sauti ya mama, kavu, imekesha.

"Nimefika, mama."

"Umekiona?"

"Ninacho hapa mkononi."

"Sikukuuliza mkono, mwanangu. Nyekundu au nyeupe?"

Honi ikalia tena. Kijana na mkewe wakapita kuelekea kwenye basi. Kanyaga alikanyaga jiwe, akakanyaga, simu sikioni, kibati kikipata joto ndani ya ngumi.

Wewe je, ungesimama pale na mama akisubiri, ungemwambia kiko upande gani?