Udongo Mweusi

Ukuta wa nyumba yetu uliniangukia kwa muguu wa kuume, mayi ikanifika kifuani, na mama yangu muzee alikuwa amekaa juu ya meza, anaomba Mungu kwa sauti kubwa. Tulikuwa tumetoka tu kanisani, mvula ya muchana kabisa ikajaza nyumba mayi. Nilishika ile meza isiende na yeye. Niliishika mpaka majirani wakavunja dirisha, wakatutoa. Mpaka leo ninachechemea.

Nianze na kosa langu, kusudi mutu asiseme ninajificha. Tulikimbia kutoka Djugu, siye watu wa jembe. Hapa Nyakasanza wakubwa wa mutaa wakatuonyesha parseli mbili, viwanja vya kujenga. Moja juu, mawe matupu. Ingine chini, udongo mweusi, laini, unaingiza mukono mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga magoti, nikaunusa. Nikasema, hapa mboga ya lengalenga itaota yenyewe. Mulimaji gani atachagua mawe? Sikujiuliza nani alileta udongo ule pale. Mayi ndiyo iliuleta. Tulijenga ndani ya njia yake ya zamani.

Shefu wa kartie, mutaa wetu, alijua. Ni yeye aliamuru wang'oe matete yaliyoota katika njia ile ya mayi na kujaza mutaro wake, na mupimaji wa kadastre, ofisi ya ardhi, akachora parseli juu yake. Kule chini, pale mutaro ulikuwa unaingia mutoni, shefu akajenga ukuta wa parseli yake mwenyewe.

Kiisha mvula akakuja na mwavuli wake. "Pole, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

Mama yangu akamujibu toka kitanda cha jirani: "Kumbe Mungu iko na beleshi? Ni Yeye alijaza mutaro?"

Yule akaondoka bila kuaga.

Serikali inatuitaga salongo, tufanye kazi ya pamoja. Safari ile hakuna aliyetuita. Siye wanamuke wa avenue, barabara yetu, tulijiita, na majembe yetu, tufukue mutaro. Nilikaa kwenye kiti, muguu umefungwa, nikawaonyesha: pale udongo uko mweusi, kateni, pale uko mwekundu, acheni. Macho yaliyonidanganya, sasa yakafanya kazi.

Tukachimba mpaka kwa ukuta wa shefu. Akatoka mbio. "Ninyi wanamuke! Huu ukuta uko na karatasi!"

"Basi usomee mayi karatasi yako," jirani yangu, muuza samaki ya Mahagi-Port, akamwambia. "Labda inajua Kifaransa."

Tofali la kwanza likaanguka, vigelegele vikapigwa. Shefu akasogea kando. Nilimuona na macho yangu haya, akisogea.

Mvula kubwa ikarudi. Mama na mimi tulisimama mulangoni mwa nyumba yetu mupya, iliyojengwa kando ya mutaro, tukaangalia mayi ikipita mbio ndani ya mutaro, nyekundu, na makopo na migomba, bila kutugusa hata kizingiti. Mama akaipungia mukono: "Pita, bibi, pita! Njia yako hiyo!" Nililia kwa furaha, sioni haya kuandika.

Tulishinda. Lakini weye, shefu, ungali ofisini. Weye na mupimaji wako mulijua matete yale yalikuwa ya nini. Kujeni musimame mbele ya avenue nzima, museme nani alitoa amri ya kujaza, na kwa nini. Kiti changu bado kiko pale pale pembeni ya mutaro. Ninangoja jibu.